Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ndege: Dimbwi Dogo Lenye Ndege Wengi Kuliko Ziwa

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi North Dakota na South Dakota, nchini Marekani, katika eneo la mashamba makubwa, mbuga za nyasi na madimbwi yasiyohesabika. Mimi mwenyewe niliishi huko misimu minne nikifanya kazi za shambani, na kila siku ya mapumziko niliitumia kuangalia ndege, kwa hiyo barua hizi zimenigusa. Kwa kuwa wengi wa ndege hao hawana jina la Kiswahili, nitawaeleza kwa sura na tabia zao.

Swali. Ndugu mwandishi, salamu kutoka Fargo. Mimi na mume wangu tulinunua darubini, na mwezi Mei tukawachukua watoto hadi Devils Lake, kwa sababu tuliambiwa kwamba ndilo ziwa kubwa kuliko maziwa yote ya asili katika jimbo hili. Tulikaa ufukweni saa tatu nzima, tukaona shakwe na bata wachache waliokuwa mbali mno. Wakati wa kurudi tulipata pancha karibu na Jamestown, kando ya shamba la ngano, na pale mume wangu alipokuwa akibadilisha gurudumu, watoto walihesabu aina kumi na moja za ndege katika dimbwi lisilozidi uwanja wa mpira. Inakuwaje dimbwi la shambani liwe na ndege wengi kuliko ziwa? *Mama wa watoto watatu, Fargo*

Jibu. Dada yangu, wape watoto hongera, maana katika muda wa kubadilisha gurudumu moja wameona jambo ambalo mimi lilinichukua msimu mzima kulielewa.

Dimbwi lile ni la kale sana. Zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, eneo hilo lote lilifunikwa na barafu nene iliyokuwa ikisukuma mawe na udongo mbele yake, na ilipoanza kuyeyuka na kurudi nyuma, iliacha mapande makubwa ya barafu yaliyozikwa ardhini. Kila pande lilipoyeyuka, udongo uliokuwa juu yake ulititia, na shimo likabaki. Mashimo hayo yamo kwa mamilioni katika ukanda unaozidi kilomita za mraba 700,000, kuanzia Alberta, Saskatchewan na Manitoba huko Kanada hadi Montana, North Dakota, South Dakota, Minnesota na Iowa. Huko kwenu Fargo huyaoni sana kwa sababu mji wenu umekaa juu ya sakafu ya ziwa la kale, Agassiz, lililokauka zamani na kuacha ardhi iliyo bapa kama meza. Mkielekea magharibi kwa barabara kuu ya I-94, mkishaipita Valley City, mtaona ardhi inaanza kupanda na kushuka, na katika kila bonde dogo kuna maji.

Sasa tazama mambo yanavyokwenda mwezi Aprili. Theluji huyeyuka wakati ardhi ya chini bado imeganda, kwa hiyo maji hayazami bali hutiririka na kukusanyika katika mashimo hayo. Maji yenye kina cha kifundo cha mguu au goti hupata joto kwa siku chache tu za jua, ilhali ziwa kubwa bado limefunikwa na barafu. Ndani ya maji hayo ya vuguvugu huamka konokono, viluwiluwi vya wadudu na vijidudu jamii ya kamba, na ndicho chakula anachokihitaji bata jike aliyetoka safari ndefu. Mayai hayatengenezwi kwa nafaka peke yake. Yanahitaji protini, na kwa bata mdogo mwenye mabawa ya rangi ya samawati, ambaye bila shaka mlimwona, mayai kumi anayotaga yakiwekwa pamoja yanazidi nusu ya uzito wake mwenyewe.

Liko jambo la pili, na kwangu ndilo kiini cha swali lako. Dume wa bata huyo hapendi jirani. Katika majira ya machipuko huchagua kipande chake cha maji na kumfukuza dume mwenzake wa aina yake atakayekitokea, ili jike wake ale kwa utulivu. Kwa hiyo madimbwi kumi ya ekari moja moja, yaliyotenganishwa na vilima vidogo ambavyo haviruhusu dume mmoja kumwona mwingine, yanaweza kuchukua jozi nyingi kuliko ziwa moja la ekari kumi. Ndiyo sababu wataalamu wa bata huhesabu mashimo, wala hawatazami ukubwa wa maji peke yake, na ndiyo sababu ukanda huu, ingawa ni sehemu ndogo tu ya bara la Amerika ya Kaskazini, ndimo wanamozaliwa takriban nusu ya bata wote wa bara hilo, na katika miaka ya mvua nzuri hata zaidi ya nusu.

Naomba msilidharau hata dimbwi linalokauka mapema. Yapo yanayokauka kabla ya Juni, yapo yanayofika Agosti, na yapo yasiyokauka kabisa isipokuwa katika ukame mkali, na bata mmoja anayahitaji yote kwa zamu. Hula katika lile la muda mfupi, hutaga kwenye nyasi, pengine mbali na maji, kisha makinda yakishaanguliwa huyaongoza kwa miguu hadi kwenye dimbwi litakalodumu mpaka yatakapoweza kuruka. Niliwahi kusimamisha gari kwenye barabara ya changarawe ili msafara kama huo uvuke: jike mbele, shingo ameinyoosha sambamba na ardhi, na nyuma yake makinda tisa yamefuatana kwa karibu hata yakaonekana kama kamba moja ya kahawia inayoburutwa. La mwisho lilianguka katika alama ya gurudumu la trekta, likapotea machoni mwangu, kisha likachomoza upande wa pili likikimbia. Jike hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini alipofika kwenye nyasi alisimama mpaka lile la tisa lilipowasili.

Hata kukauka kwenyewe kuna kazi yake. Dimbwi likikauka, matete yaliyokufa huoza upesi, mbegu zilizolala kwenye tope huota, na maji yakirudi mwaka mwingine, chakula huwa tele kuliko awali. Kisichorekebishika kwa urahisi ni mfereji au bomba la kutoa maji lililozikwa chini ya shamba. Iowa imepoteza takriban sehemu tisa kati ya kumi za ardhioevu yake ya asili, na North Dakota karibu nusu. Mkulima aliyeliacha dimbwi lile mlilolikuta, ingawa kila mwaka analazimika kulizunguka na mashine yake, anastahili heshima yetu, na mkikutana naye mwambieni hivyo.

Devils Lake lisiwavunje moyo. Ni ziwa lisilo na njia ya kawaida ya kutoa maji, na tangu mwaka 1993 kina chake kimepanda kwa takriban mita tisa, likameza mashamba, barabara na miti. Kwa hiyo maji yake ya kina yanawafaa samaki na ndege wapigao mbizi. Rudini huko mwezi Oktoba, wakati ndege wanaohama wanapotua kwa makundi. Lakini kuanzia Aprili hadi Agosti, ushauri wangu ni kwamba mchague dimbwi moja linaloonekana kutoka barabarani, mlirudie kila wiki saa ileile, jua likiwa mgongoni mwenu, na mbaki ndani ya gari, kwa sababu bata humwogopa mtu aliyesimama kuliko gari lililozimwa. Watoto waandike kila mara maji yamefika wapi. Baada ya wiki nane watakuwa wanalijua dimbwi hilo kuliko watu wengi wanaopita njia hiyo kila siku.

Swali. Bata madume nimeshaanza kuwatambua, lakini majike wote naona ni kahawia tu. Tena mwezi Julai hata madume wamenipotea! Je, wamehama? *Msomaji, Jamestown*

Jibu. Hawajahama, ndugu yangu. Baada ya kujamiiana, dume wa aina nyingi humwacha jike na mayai, kisha huvua manyoya yake ya mapambo na kuvaa ya kahawia yanayofanana na ya jike. Katika kipindi hicho hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa mara moja, akakaa wiki tatu hadi nne bila kuweza kuruka, akijificha ndani ya matete. Kwa hiyo wale unaodhani ni majike wengi mwezi Julai, baadhi yao ni madume.

Kuhusu majike, acha rangi ya mwili kwa muda na utazame mdomo. Yule mwenye mdomo mpana mwishoni kama mwiko, mrefu kuliko kichwa chake, hawezi kuchanganywa na mwingine. Mwenye mdomo wa rangi ya machungwa uliotiwa madoa meusi, na kibandiko cha buluu bawani kilichopakana na mistari miwili myeupe, ni jike wa yule bata wa kawaida ambaye dume wake ana kichwa cha kijani. Mwenye shingo ndefu nyembamba, uso usio na alama na mdomo wa kijivu, ni yule ambaye dume wake ana mkia mrefu uliochongoka. Akiruka ukaona kibandiko cheupe cha mraba karibu na mwili, huyo ni jike wa bata yule wa kijivu ambaye watu wengi humpita bila kumtazama, na ni hasara yao, kwa sababu ukimtazama dume wake kwa karibu utaona kila unyoya wa kifuani umechorwa kwa mistari myembamba kuliko uzi.

Kisha tazama anavyoondoka majini. Bata wanaokula juu juu, wale wanaobinuka wakaacha mkia ukielekea mbinguni, huchomoka wima moja kwa moja. Bata wapigao mbizi huhitaji kukimbia juu ya maji kwanza, wakiyapiga kwa miguu, ndipo wapae. Tofauti hiyo utaiona hata kama jua liko mbele yako na ndege wote wamekuwa vivuli vyeusi.

Swali. Mimi naendesha mashine ya kukata nyasi katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Waubay, South Dakota. Mwaka jana mwezi Juni niliona ndege mdogo mweusi mwenye mgongo mweupe akizunguka juu ya trekta akilia, na niliposhuka nikakuta kiota kimekatwakatwa pamoja na makinda. Sikulala vizuri siku ile. Mimi si mwenye shamba, ni mfanyakazi. Naweza kufanya nini? *Dereva wa trekta*

Jibu. Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nashukuru umeiandika. Jina la mahali unapoishi linatokana na neno la lugha ya Kidakota lenye maana ya mahali ndege wanapojenga viota, kwa hiyo swali lako limetoka mahali panapostahili.

Ndege uliyemwona, ikiwa kisogo chake kilikuwa na rangi ya manjano hafifu kama majani makavu, ni ndege wa mashamba ya nyasi ambaye kila mwaka hutoka Argentina, Bolivia au Paraguay, akaruka hadi huko kwenu kutaga, kisha akarudi kusini. Safari yote ya kwenda na kurudi inakaribia kilomita 20,000. Jike, ambaye ana rangi ya majani makavu mwili mzima, hutaga chini kabisa, kwa kawaida mayai matano hivi. Huyaatamia takriban siku 12, makinda hutoka kiotani baada ya siku kumi au kumi na moja, na hapo bado hayajui kuruka. Hutambaa kati ya nyasi siku kadhaa nyingine. Ukijumlisha na siku za kujenga kiota na kutaga, utaona kwamba familia moja inahitaji wiki tano hivi bila kuguswa na kisu. Wakianza mwishoni mwa Mei, mkato wa katikati ya Juni unawakuta mahali pabaya kuliko pote.

Njia iliyo bora ni kuchelewesha mkato hadi baada ya katikati ya Julai, na mwanzoni mwa Agosti ni bora zaidi. Lakini sitakudanganya: nyasi zilizochelewa kukatwa huwa ngumu na protini yake hupungua, na mwenye ng'ombe wa maziwa anaijua hasara hiyo vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo usiende kwa mwajiri wako kumwomba shamba zima. Mwombe kipande. Karibu kila shamba huko lina kingo zenye unyevu kuzunguka dimbwi, ambako nyasi zake si chakula kizuri na trekta huzama mara kwa mara. Mwombe kipande hicho kikatwe mwisho, mwezi Agosti, na umwonyeshe kwa kidole kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Mtu hukubali kwa urahisi kitu alichoonyeshwa mipaka yake.

Yaliyobaki yamo mikononi mwako wewe unayeshika usukani. Anza kukata katikati ya shamba ukitoka kuelekea nje, badala ya kuanza kingoni ukizunguka kuingia ndani, kwa sababu ukianza kingoni unawakusanya ndege na makinda yanayotembea katika kipande cha mwisho cha nyasi, na hapo hawana pa kukimbilia. Usikate usiku ikiwa waweza kuepuka, maana jike aliyelala juu ya mayai gizani haondoki. Inua kisu sentimita chache. Na kama karakana ya shamba inaruhusu, ning'iniza minyororo kwenye fito iliyotangulia mbele ya kisu, iwe inapapasa nyasi na kuwaamsha ndege kabla kisu hakijafika. Wakulima wengi wameifanya kwa vyuma vilivyokuwa vimelala nyuma ya ghala. Minyororo haiokoi mayai, lakini inamwokoa mama, na mama aliyeokoka mapema msimu huweza kutaga tena.

Nakuambia haya kwa sababu hali ya ndege wa mbuga za nyasi ni mbaya kuliko ya kundi jingine lolote la ndege wa nchi kavu katika bara lile. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba tangu mwaka 1970, Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3, na kwamba ndege wa mbuga za nyasi peke yao wamepungua kwa asilimia 53. Mbuga ikishalimwa hairudi upesi. Hata hivyo ukanda wa nyasi wenye upana wa mita chache kuzunguka dimbwi, ulioachwa na dereva mmoja wa trekta, unatosha kiota, na kiota ndicho ulichokiona siku ile.

Swali. Katika dimbwi lenye chumvi nyeupe kingoni nimemwona ndege mdogo mwenye mdomo kama sindano akizunguka majini mahali pamoja kama pia. Je, ameumia? *Mwanafunzi*

Jibu. Yu mzima kabisa, anakula. Ni ndege wa jamii ya vitwitwi ambaye, tofauti na jamaa zake wanaotembea kwenye tope, huogelea. Akizunguka kwa kasi, miguu yake husukuma maji ya juu kwenda pembeni, na maji ya chini huinuka kuja kujaza nafasi, yakileta vijidudu vilivyokuwa chini. Naye hudonoa katikati ya mzunguko huo, donoo baada ya donoo, bila kupoteza mwelekeo. Siku moja nililala kifudifudi kwenye ukingo wa barabara nikamtazama mmoja aliyekuwa mita sita tu kutoka kwangu. Tone la maji lilikuwa likipanda juu ya mdomo wake kila alipodonoa, likibeba kijidudu hadi kinywani, na alikuwa akiufungua na kuufunga mdomo upesi kiasi kwamba jicho langu liliona mtetemo tu.

Mtazame vizuri utaona jambo jingine. Mwenye mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi shingoni na kugeuka kuwa wa rangi ya hudhurungi iliyokolea ni jike. Yule aliyefifia ni dume. Kwa ndege hawa majike ndio wanaogombania madume, na jike akishataga huondoka, pengine akatafute dume mwingine, huku dume wa kwanza akibaki kuatamia na kulea peke yake. Kuanzia mwishoni mwa Juni majike hukusanyika katika maziwa ya chumvi ya magharibi, kama Great Salt Lake huko Utah na Mono Lake huko California, wakinenepa na kubadilisha manyoya, kisha huruka hadi maziwa ya chumvi ya Amerika ya Kusini. Kwa hiyo ukimwona jike mwezi Mei, mtazame kwa muda mrefu, kwa sababu Julai ikifika pengine hutamkuta tena.

Swali. Mwanangu ameokota manyoya mazuri ya bata bukini na ya mwewe kando ya ziwa, ameyapanga ukutani. Jirani amesema ni kosa kisheria. Ni kweli? *Baba, Fargo*

Jibu. Jirani yako amesema kweli, na amekufanyia wema. Sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama, iliyotungwa ili kutekeleza mkataba wa mwaka 1916 baina ya Marekani na Uingereza kwa niaba ya Kanada, inakataza kuchukua au kumiliki ndege wa asili wa huko, viota vyao, mayai yao na hata unyoya mmoja ulioanguka wenyewe, isipokuwa kwa kibali au kwa ndege waliowindwa kihalali. Sheria hiyo iliandikwa wakati manyoya yalikuwa yakiuzwa kwa wingi kupamba kofia za wanawake, na ndege waliangamizwa kwa biashara hiyo. Na kwa kuwa haiwezekani kuthibitisha kama unyoya umeokotwa au umetokana na ndege aliyeuawa, yote yalikatazwa. Mwambie mwanao ayarudishe alikoyaokota, lakini kwanza ayachore. Mchoro ni wake daima.

Swali. Mzee mmoja alituambia tununue stempu ya wawindaji wa bata hata kama hatuwindi. Mimi sipendi uwindaji hata kidogo. Kwa nini nitoe dola 25? *Msomaji, Minot*

Jibu. Naelewa moyo wako, na sikushawishi upende bunduki. Ila nakuomba utazame pesa zinakokwenda. Stempu hiyo, ambayo ni kibali cha serikali kwa wawindaji wa bata, ilianza mwaka 1934, katika miaka ya ukame mkubwa ambapo madimbwi yalikauka na bata wakapungua sana. Ya kwanza iliuzwa dola 1, na picha yake ya bata wawili wakitua majini ilichorwa na Jay Norwood Darling, mchora katuni wa magazetini aliyekuwa akiongoza idara ya serikali ya wanyamapori wakati huo. Katika kila dola inayolipwa, senti 98 huenda kununua au kukodi ardhioevu na mbuga, na hadi sasa zaidi ya ekari milioni 6 zimehifadhiwa kwa njia hiyo.

Mwaka 1958 sheria ilipanuliwa ili fedha hizo ziweze kununua hata madimbwi madogo, na eneo la kwanza la namna hiyo lilinunuliwa mwaka 1959 katika wilaya ya Day, South Dakota. Leo maeneo hayo yamesambaa kotekote kati ya mashamba, yakiwa na kibao kidogo kando ya barabara, na kwa kawaida unaruhusiwa kuingia kwa miguu bila kulipa chochote. Yaani pale unapotembea bure na darubini yako, kuna mtu alikulipia, na mara nyingi alikuwa mwindaji. Mimi huona ni haki na sisi wa darubini tuchangie. Stempu hiyo pia hutumika kama tiketi katika hifadhi za ndege za taifa zinazotoza kiingilio. Jambo moja tu: msimu wa uwindaji ukianza wakati wa mapukutiko, vaa fulana ya rangi ya machungwa inayong'aa kabla ya kuingia katika maeneo hayo.

Swali. Hapa kwetu tunawaona mwari weupe wakivua samaki kila siku, lakini hatujawahi kuona kiota hata kimoja. Wanazaana wapi? *Msomaji, Valley City*

Jibu. Huenda wanatoka Chase Lake, kaskazini-magharibi mwa mji wa Medina, ambako kuna mojawapo ya makoloni makubwa kuliko yote ya mwari weupe katika Amerika ya Kaskazini. Ziwa hilo lina chumvi nyingi na halina samaki, na wageni wengi hushangaa, lakini visiwa vyake viko mbali na mbweha na mbwamwitu wadogo wa mbugani, na usalama wa mayai ni muhimu kuliko ukaribu wa chakula. Mzazi huruka makumi ya kilomita, hata zaidi ya mia, kutafuta samaki na salamanda wa madimbwini. Rais Theodore Roosevelt alipolifanya ziwa hilo kuwa hifadhi mwaka 1908, mwari waliobaki walikuwa kama 50 tu, kwa sababu watu walikuwa wakiwapiga risasi. Baadaye wamefikia makumi ya maelfu. Msijaribu kuvifikia visiwa. Mwari akiondoka kiotani kwa hofu, jua kali au shakwe mwenye njaa huyamaliza mayai kwa muda mfupi.

Swali. Nimesikia kwamba kuna kwale wanaocheza ngoma alfajiri. Wapi na lini? *Msomaji, Minot*

Jibu. Ni kweli, ni ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia uliochongoka, na ngoma yenyewe hufanyika hasa mwezi Aprili, kwenye kilima kilekile chenye nyasi fupi mwaka baada ya mwaka. Mahali penyewe sitapaandika gazetini, kwa sababu uwanja mmoja ukitembelewa na magari mengi, majike huacha kuja. Ulizia ofisi ya hifadhi iliyo karibu nawe. Baadhi ya hifadhi zina kibanda cha kujificha ambacho watazamaji hukitumia kwa zamu.

Fika robo tatu ya saa kabla jua halijachomoza, zima taa mapema, teremsha kioo, na usitoke ndani ya gari mpaka ndege wenyewe waondoke. Mimi mara ya kwanza nilifungua mlango ili nipate kuona vizuri, na kilima kizima kilipaa kwa mara moja. Madume kumi na wanne hawakurudi asubuhi ile, na majike waliokuwa njiani kuja walikuta nyasi tupu. Asubuhi iliyofuata nilibaki ndani. Kulikuwa na baridi iliyogandisha pumzi kwenye kioo, na kabla sijaona chochote nilisikia mlio kama wa vidole vingi vinavyopiga meza upesi upesi. Kisha mwanga ukaingia, nikawaona: mabawa yamenyooshwa, vichwa vimeinamishwa, mikia imesimama, vifuko vya zambarau vimevimba shingoni, na miguu ikikanyaga kwa kasi isiyohesabika. Wakaacha wote kwa pamoja, kama walioambiwa. Jike mmoja akapita katikati yao polepole, akidonoa mbegu, na wakaanza tena.